Mipini Saba Hadi kwa Bochaberi

Jumapili, 3 Machi 1968

Daftari hili lilikuwa la Abigael, binti wa shemeji yangu. Alilitupa lilipolowa, nikalianika juu ya mkeka, likakauka kurasa zikiwa zimejikunja. Mambo ya moyoni yananijia kwa Ekegusii, na kwa Ekegusii nalia. Kwa Kiswahili cha darasani naweza kuanza sentensi nikafika mwisho wake.

Mvua imeanza. Tumemaliza kupanda mahindi sehemu ya juu.

Baada ya kupanda nilikwenda kumwona Bochaberi wangu. Surua ilimchukua Oktoba, akiwa na miaka mitatu. Wazee walionyesha azikwe chini ya nyumba, karibu na migomba, upande wa mpaka. Nilipima kwa mpini wa jembe, sijui kwa nini. Kutoka ukingo wa mtaro hadi kaburini ni mipini saba.

Jumanne, 5 Machi

Niandike habari ya mtaro, maana hata mimi nitasahau ulivyoanza.

Baba mkwe, mzee Ombati, alipofariki mwaka jana, shamba liligawanywa kama linavyogawanywa huku kwetu. Kila mtoto wa kiume alipata kipande chembamba, kutoka barabarani juu hadi kijitoni chini, ili asiwepo wa kulalamika kwamba mwenzake ana bonde na yeye ana mawe. Ratemo, mkubwa, alipata upande wa Ekerenyo. Nyamweya, mume wangu, alipata upande huu. Nyamweya anafanya kazi kwenye majani chai kule Kericho, anakuja mwisho wa mwezi.

Drusilla, mke wa Ratemo, alikuwa kila akilima anasogea kwangu hatua moja. Nikinyamaza, anasogea nyingine. Mwezi wa kwanza nilimwambia Nyamweya, "Chimbeni mtaro, macho ya kila mtu yaone." Wakachimba, kutoka barabarani hadi kijitoni, wima kama kamba iliyoning'inizwa. Mzee Ombati alikuwa ameacha matuta tisa yaliyokatiza mteremko, yenye nyasi ndefu. Alilazimishwa kuyajenga wakati wa Wazungu, na baadaye akayatunza kwa hiari yake. Mtaro uliyapasua yote tisa.

Mimi ndiye niliyetaka.

Jumamosi, 9 Machi

Sabato. Mvua ilipiga mabati ya kanisa mpaka mhubiri akakaa chini.

Alhamisi, 14 Machi

Mtaro ulikuwa wa kufika kwenye kifundo cha mguu. Sasa unafika gotini. Maji ya kila tuta yanatiririka hadi kwenye ule mkato, yanaingia humo, yanakwenda mbio. Zamani yalikuwa yanasimama kwenye nyasi na kunywewa na shamba.

Drusilla alikuwa ng'ambo anapalilia. Akanisalimu, "Bwakire, Mama Mong'ina." Mong'ina ni mdogo wangu wa mwaka mmoja na nusu. Tangu Oktoba watu wote wameanza kuniita kwa jina lake. Hakuna aliyetangaza. Siku moja tu niliitwa hivyo, na la zamani likaisha.

"Bwakire, Mama Abigael. Naona maji yanachimba."

"Yanachimba. Si ndiyo kazi uliyoyapa?"

Mipini sita na nusu.

Ijumaa, 22 Machi

Mimba hii inataka jiwe. Ukutani mwa mtaro, chini ya udongo mwekundu, limejitokeza lile jiwe bovu, laini, la rangi ya maziwa yaliyomwagikiwa na chai. Unalivunja kwa kucha. Nikilinusa baada ya mvua mate yananijaa. Mimba ya Bochaberi ilikuwa hivihivi, nikalinunua soko la Kebirigo. Sasa liko mlangoni kwangu.

Drusilla ameniona nikitafuna. "Jamani, mwenzetu ameacha kugombania shamba, sasa analila!" Wanawake wa barabarani wakacheka. Nikacheka pia, mdomo ukiwa mweupe. Baadaye nikaona haya.

Jumapili, 31 Machi

Nyamweya amekuja na kuondoka. Nilimpeleka kwenye mtaro.

"Tazama, unafika kiunoni. Na pale ni mipini mitano."

"Mipini mitano ya nini?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Alitazama kaburi, akatazama viatu vyake. Tangu tulipozika hajakaa pale hata mara moja.

"Ongea na kaka yako," nikasema. "Tuufukie, turudishe matuta ya mzee."

"Wewe uliyetaka mpaka, leo hutaki mpaka? Nikienda kwa Ratemo atasema Nyamweya anaongozwa na mke kama mbuzi wa kamba."

"Acha aseme."

"Mvua itapungua, Esnah."

Alimbeba Mong'ina mpaka barabarani, akanirudishia, akaenda.

Alhamisi, 4 Aprili

Bwana shamba amepita, kijana anayeitwa Omwenga, akiisukuma baiskeli kwa sababu mlima wetu haupandiki. Alikuja kutazama kama mahali petu panafaa majani chai. Alipoona mtaro alisahau majani chai. Alishuka ndani na viatu vyake vya ofisi, akachomoa kalamu, akaanza kunionyesha ukuta kama mwalimu na ubao.

"Mama, huu mweusi wa juu una unene gani?"

"Kiganja."

"Huu ndio unaowalisha. Mwekundu wa chini yake umekaa hapa miaka na miaka, mvua imeunyonya chumvi zake zote. Umechoka. Na chini kabisa?"

"Jiwe."

"Jiwe ndilo ghala. Chakula cha mahindi kimefungwa humo. Likioza linakitoa, mizizi inakipata, majani yakianguka yanakirudisha hapo juu. Mlima kama huu, mvua huparura kidogo juu, na jiwe huoza kidogo chini. Vikienda sawa, shamba haliishiwi. Hata kuparurwa kidogo ni kuzuri, maana kunalileta jiwe karibu na mizizi. Si umeona ng'ambo, pale mlima uliposhuka zamani za babu zenu, migomba ilivyonenepa?"

Ni kweli. Tumekuwa tukisema ni baraka ya mahali.

"Basi huu mtaro nao utatuletea unene," nikasema, nikitaka asikie ujinga wangu ili anisahihishe.

Hakucheka. "Huu unakwenda haraka mno. Unaondoa katika alasiri moja kitu ambacho jiwe halijaanza kutengeneza."

"Kiganja kimoja cha mweusi, jiwe linachukua muda gani?"

"Mjukuu wa mjukuu wako atakaa angoje, na yeye atachoka."

Nikamwambia kwamba mimi jiwe lenyewe nalila. Akasema mke wake, mimba ya kwanza, alikaribia kuangusha ukuta wa jiko. Ndipo nikacheka.

Kabla ya kuondoka aliliona duara la mawe madogo kandokando ya migomba. Akauliza, "Na pale?" Nikamwambia. Akavua kofia. Akasema weka mawe ndani ya mtaro, kwa ngazi, hatua kwa hatua. Rudisheni matuta yapite pande zote mbili. Pandeni mabingobingo, yale majani marefu ya ng'ombe, juu yake. Lakini lazima muwe wawili, akasema. Upande mmoja hauwezi kuzuia maji.

Mipini minne.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimebeba mawe kwa karai tangu asubuhi. Tumbo linashuka. Nimejenga ngazi mbili.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua imezibomoa ngazi zote mbili. Mawe yako kijitoni.

Alhamisi, 11 Aprili

Mahindi ya mteremko yanageuka manjano, hata ya Ratemo. Yale ya bondeni, upande wa Drusilla, mahali mtaro unapotapika udongo wetu, ni meusi kwa ukijani. Marefu kumpita Abigael. Nimeyatazama nikachukia, kama mtu anayeona nguo yake imevaliwa na mwingine.

Mipini mitatu na nusu.

Jumapili, 21 Aprili

Nilijikaza nikaenda kwao. Ratemo alikuwa anachonga mpini, Drusilla anachambua mboga, chinsaga, kwenye ungo.

"Shemeji," nikasema, "nimekuja kuomba. Tufukie mtaro."

Ratemo hakuinua macho. "Wazee walisimama pale, Mama Mong'ina. Walipima. Nikitia jiwe moja mle ndani, kesho Nyamweya atasema Ratemo amekula shamba la mdogo wake."

"Nitasema mimi kwamba nilikuomba."

"Wewe utasema leo. Watoto wako watasema nini?"

"Watoto wangu, mmoja yuko pale kwenye ukingo."

Akaacha kuchonga. Drusilla ndiye aliyejibu, mikono bado kwenye mboga. "Ulitaka macho ya kila mtu yaone. Basi yameona."

Nilisimama. Nilimwambia, si kwa sauti, "Mama Abigael, mahindi yako ya bondeni yanakula shamba langu. Yafurahie." Nikaondoka na Mong'ina mgongoni. Nyuma yangu nilisikia Ratemo akisema, "Drusilla, maneno gani hayo?" na ungo ukiwekwa chini.

Mipini miwili na kitu.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua. Miguu imevimba.

Ijumaa, 26 Aprili

Mpini mmoja na nusu. Nimemtumia Nyamweya salamu kupitia kwa dereva wa lori la ndizi linalokwenda Kericho. Nimeokota mawe, nimeyaegemeza upande wa kaburi. Naona yanateleza nikiyatazama.

Jumatatu, 29 Aprili

Sasa ninaweza kuandika ya Jumamosi.

Walikuwa kanisani wote. Mimi nilibaki kwa ajili ya miguu. Saa saba mchana mbingu ya upande wa ziwa ikawa nyeusi, upepo ukaja na baridi, halafu mvua ya mawe. Ilipiga migomba mpaka majani yakawa nyuzi. Halafu nikasikia kelele nyingine, chini ya ile ya mvua, kama lori linalopanda bila kufika. Maji ya barabarani yalikuwa yamevunja ukingo na kuingia yote kwenye mtaro wetu.

Nilimfunga Mong'ina kwa leso kwenye mguu wa kitanda ili asinifuate. Alilia. Nilichukua jembe nikashuka. Ilikuwa Sabato, na najua kwamba ilikuwa Sabato. Nilianza kukata udongo wa juu, upande wa nyumba, kugeuza maji yaelekee kwenye mahindi yangu. Yachukue mahindi, nikasema. Yachukue yote. Kila nilichokata kilijaa kabla sijainua jembe tena.

Ndipo nikaona kitambaa cheupe kikishuka mteremko. Drusilla, na nguo yake ya ushemasi, miguu mitupu, viatu ameviacha sijui wapi. Alikuwa ametoka kanisani katikati ya ibada alipoona rangi ya mbingu. Alipita kwake akachukua jembe. Aliruka mtaro pale juu unapokuwa mwembamba, akasimama ng'ambo ya kaburi, akaanza kukata pamoja nami. Tulikuwa tunakata tu, yeye anahema, mimi nahema.

Nilisogea ukingoni kuweka jiwe. Ardhi ikafanya sauti ndogo, kama kitambaa kinachochanwa. Akapiga ukelele, "Mama Bochaberi! Toka hapo! Mama Bochaberi!"

Lile jina ndilo lililonigeuza. Jina lingine nisingelisikia. Nilipogeuka alinishika kwapani, akanivuta, tukaanguka pamoja, tumbo langu juu ya mkono wake, na ukingo ukaenda. Migomba miwili ilikwenda imesimama. Mawe niliyopanga yalikwenda. Na pale.

Watu wameniuliza niliona nini, nami naandika hapa ili nisiulizwe tena. Niliona udongo mweusi, kisha mwekundu, kisha maji. Sikuona kingine.

Drusilla alikuwa amenikumbatia kwenye matope na kusema sikioni mwangu, maneno yaleyale, "Nilikuwa naingia kwako. Hatua tatu. Nilikuwa najua. Hatua tatu, Mama Bochaberi, nilikuwa najua." Nikamwambia, "Na mimi ndiye niliyetaka mtaro." Mvua ilikuwa inatupiga wote wawili sawasawa.

Kisha nikakumbuka Mong'ina. Tulimkuta amelala sakafuni, leso bado mguuni.

Jumanne, 30 Aprili

Nyamweya amefika. Wanaume wametafuta kijitoni. Hawakupata kitu. Yeye ameendelea peke yake mpaka alipoitwa, na alipokuja mikono yake ilikuwa imekatika kwa mawe. Amekaa mahali palipobaki. Amekaa muda mrefu. Nilimpelekea uji, nikakaa pia.

Jumapili, 5 Mei

Mimba haitaki tena jiwe. Ukuta mzima uko wazi, mweupe, unanuka mvua, nami naupita.

Jumatano, 8 Mei

Drusilla ameita egesangio lao, wale wanawake kumi wanaolimiana kwa zamu. Zamu ilikuwa ya shamba lake. Akawaambia, "Leo hatulimi. Leo tunabeba mawe." Mmoja akauliza ni mawe ya nani, ya Ratemo au ya Nyamweya. "Ya mlima," akajibu. "Beba, mdomo hauna karai."

Mimi nilikatazwa kubeba. Nilikaa na kupika ugali wa wimbi wa watu wote.

Ratemo alitazama mpaka saa nne. Halafu akaja na nyundo ya kuvunjia mawe, akaanza kwenye ngazi ya kwanza, juu kabisa. Nyamweya, aliyekuwa arudi kazini Jumatatu na hakurudi, akaanza ya pili. Hawakuangaliana. Saa za mchana nilimsikia Ratemo akisema, "Mdogo wangu, shika hapa," na yeye akashika.

Jumatatu, 20 Mei

Ngazi kumi na nne. Matuta tisa yameungana tena, yanapita kwao na kwetu bila kusimama. Mabingobingo yamewekwa. Mtu akisimama barabarani hawezi kujua Ratemo anaishia wapi.

Bwana shamba Omwenga alipita. Alisema chini ya korongo, palipobaki jiwe bovu tupu, tupande migomba, tutie samadi shimoni. Jiwe likipata maji taratibu litaoza na kuilisha. Akaniuliza hali. Nikamwambia ile mipini iliisha.

Jumatano, 19 Juni

Mtoto wa kiume, alfajiri, nyumbani. Drusilla ndiye aliyempokea. Ni Ombati, jina la babu yake, mwenye matuta.

Jumamosi, 29 Juni

Sabato. Ombati analia. Maziwa hayatoshi.

Alhamisi, 4 Julai

Mahindi ya mteremko yamezaa vigunzi vya kidole. Nimevuna debe moja mahali pa kuvuna gunia. Mong'ina anakula viazi na kulala. Mdogo anavuta, anaacha, ananitazama kama mimi ndiye nimemficha kitu. Ameanza kukonda mapajani. Nimeshamzika mmoja. Hayo mapaja nayajua.

Jumapili, 7 Julai

Drusilla amekuja na kikapu cha mahindi mabichi, ya bondeni, makubwa, yamejaa mpaka ncha. Nikakitazama kikapu nikashindwa kukigusa.

"Mama Abigael, asante. Siwezi."

"Najua kwa nini huwezi." Akakaa kwenye kigoda, akamchukua Ombati mapajani. "Twende nikuonyeshe kitu. Kama ukikiona bado huwezi, nitayapa ng'ombe."

Tulishuka taratibu, bado sina nguvu. Katikati ya mahindi yake, mahali udongo wetu ulipotandazwa, kulikuwa na mistari mitatu isiyovunwa, imesimama na mahindi yake yote, na katikati yake mgomba mchanga uliozungushiwa mawe madogo. Alizungusha kama nilivyokuwa nimezungusha mimi.

"Jumatano ile, siku nne baada ya mvua," akasema, "nilikuwa nainua mahindi yaliyolala. Nikaona blanketi. Lile lenye mistari myekundu, ulilomzikia."

Nikashika bua la mahindi.

"Lilikuwa limefungwa bado. Ulikuwa umelifunga vizuri. Sikulifungua, vile Mungu ananiona. Nilichimba kina, nikamweka, nikaomba, nikapanda huu. Hata Ratemo hajui."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na huyu tumboni. Na miguu ile. Ningekwambia shuka uje umzike tena?" Alilia, pua ikitiririka, hana mkono wa kuifuta kwa sababu amembeba wangu. "Kama nilikosa, niambie. Tutamrudisha juu."

Nilipiga magoti. Udongo ni mweusi, laini, unaingia kwenye vidole. Ni ule wetu. Ni wa matuta yote tisa, na wa kaburi lile, na wa kwake, umechanganyika, hakuna atakayeutenganisha. Na mahindi yote ya bonde yanakula humo, si ile mistari mitatu tu. Yeye anadhani ameyagawa, haya ya kaburi, yale ya kuliwa. Sikumwambia.

"Mwache," nikasema. "Hapa hapana mteremko."

Jumatatu, 8 Julai

Jana jioni nilichoma mahindi matatu. Nilimtafunia Mong'ina, nikampa, akafungua mdomo tena. Halafu nikala mimi. Nilikula polepole, nikijua ninachokula. Nikala la pili. Mengine nikayachemsha, nikayala leo tangu asubuhi, na mchuzi wake nikaunywa.

Alasiri hii Ombati ameshika ziwa na hakuachilia. Nilisikia akimeza. Maziwa yametoka mpaka yakalowesha leso.

Alipolala nimembeba, nimeshuka bondeni na jembe begani. Drusilla alidhani nakwenda kulima, akaniita kutoka kwake, "Mama Bochaberi, pumzika!" Sikuwa nakwenda kulima. Nimepima kutoka ukingo wa kijito hadi kwenye mgomba.

Mipini ishirini na miwili.